Mitego imejaa nzi, maembe yamejaa funza

“Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 54, nina ekari mbili za miembe ya kubebesha kando ya ziwa upande wa Sengerema, miti 70 ya aina ya Apple na Kent, na mipera michache pembezoni. Msimu uliopita nilinunua mitego sita yenye dawa ya kuvuta nzi katika duka moja la pembejeo. Kila wiki nilimwaga nzi wa kujaza kikombe cha chai, nikaamini kazi imeisha. Nilipovuna, karibu nusu ya maembe yalikuwa na funza na mnunuzi wa Mwanza mjini akayakataa. Jirani yangu anasema mitego ndiyo inayowaita nzi kutoka mashamba yote, niiondoe. Binti yangu aliye chuoni anasema kuna watafiti wanaowahasi nzi kwa mionzi na kuwaachia ili kizazi chao kiishe. Nzi hao nitawapata wapi? Na watu wakila maembe yaliyoguswa na nzi wa mionzi, hawatapata ugumba? Mitego niendelee nayo au niitupe?”

Shikamoo mama. Umeuliza mambo kadhaa kwa mpigo, lakini yote yanarudi kwenye kile kikombe cha chai. Unashangaa imekuwaje mitego ijae na maembe yaharibike vilevile, kana kwamba nzi uliowaua walikuwa na ndugu zao waliojificha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nzi waliolala kikombeni mwako walikuwa madume, wote au karibu wote, na dume wa nzi wa matunda hana kifaa cha kutobolea ganda la embe. Anayetoboa na kutaga ni jike, na jike haitikii harufu iliyo katika mitego ya aina hiyo. Uliua nzi wengi kweli, ila hukuwagusa wale waliokutia hasara.

Kabla sijaendelea, naomba tuhakikishe kwamba tunamzungumzia mdudu mmoja. Funza wa nzi wa matunda ni mweupe au wa rangi ya maziwa, hana miguu, amechongoka upande wa kichwa, na hula nyama ya tunda hadi ikawa uji. Akishakomaa ukamweka juu ya meza hujikunja kama upinde na kuruka, jambo ambalo watoto hulifurahia sana. Ukikuta uharibifu umo ndani ya kokwa huku nyama ya embe ikiwa karibu salama, huyo ni fukusi wa kokwa la embe, na hakuna lolote katika jibu hili litakalomhusu. Vilevile wale vijinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva mno jikoni ni wadudu wengine kabisa, na hawatoboi embe zima lililo mtini.

Kwa maelezo yako sina shaka kubwa kwamba adui ni nzi anayeitwa kitaalamu Bactrocera dorsalis, kwa kuwa mitego yenyewe imeshamtaja kwa kujaa, maana dawa yake huwavuta madume wa nzi huyu. Huyu asili yake ni Asia. Alitambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2003, huko pwani ya Kenya, na baada ya muda mfupi akaonekana nchini kwetu. Mwaka 2005 wanasayansi walimpa jina jipya wakidhani ni spishi ya pekee, kisha baada ya miaka kumi ya mabishano wakakubaliana kwamba ni yuleyule wa Asia. Naitaja habari hiyo ya jina kwa sababu ina faida kwako, mama: kila walichojifunza watu wa Hawaii, Japani na Thailand kuhusu nzi huyo kinamhusu na huyu wa kwetu.

Jike hutaga mayai chini ya ganda la tunda linaloelekea kukomaa. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, mabuu, ndio hao funza uliowaona, hula kwa wiki moja hivi au zaidi kidogo, kisha hutoka na kuingia ardhini sentimita chache tu, ambako hugeuka pupa. Baada ya siku kumi hivi hutoka nzi kamili. Hapo pana jambo ambalo wakulima wengi hawalijui, nalo ndilo ufunguo wa sehemu kubwa ya ushauri wangu: jike aliyetoka ardhini leo hawezi kutaga kesho. Anahitaji kwanza siku kadhaa za kula protini ili mayai yakomae tumboni, na protini hiyo huipata kwenye kinyesi cha ndege, kwenye utamu unaoachwa na vidukari juu ya majani, na kwa vijidudu vinavyoota juu ya matunda na majani. Akishashiba, katika mazingira mazuri anaweza kutaga zaidi ya mayai elfu moja katika maisha yake.

Dume naye ana njaa yake nyingine. Mwaka 1912 mtaalamu wa wadudu aliyeitwa F. M. Howlett, akiwa India, alieleza jinsi nzi wa jamii hii walivyokuwa wakifuata mafuta ya sitronela, yatokanayo na majani ya jamii ya mchaichai, ambayo watu waliyatumia kufukuzia mbu. Alipowachunguza aliona ni madume watupu. Miaka mitatu baadaye kemikali iliyohusika ilijulikana: methili yujenoli, ambayo imo pia katika mimea mingi ya harufu, zikiwemo baadhi ya aina za mrehani. Kwa miaka mingi haikueleweka kwa nini dume ahangaike namna ile kwa kitu ambacho si chakula chake wala si jike. Baadaye iligundulika kwamba dume akiilamba, mwili wake huibadilisha na kuitumia kutengeneza harufu anayoitoa jioni anapowaita majike, kwa sababu nzi hawa hupandana jua linapozama. Dume aliyeilamba huchaguliwa na majike kuliko ambaye hakuilamba. Kwa maneno mengine, mitego yako ni duka la manukato ambalo kila anayeingia hafiki harusini.

Kama madume hawafiki harusini, kwa nini majike wanatunga mayai? Tupige hesabu ndogo. Tuseme shambani mwako kuna madume 100 na majike 100, na mitego ikaua madume 90. Kwa macho hayo ni mafanikio makubwa. Lakini dume mmoja anaweza kupanda majike wengi katika uhai wake, hivyo wale kumi waliosalia, kila mmoja akipanda majike kumi tu, majike wote 100 wamepata mbegu na kizazi kijacho hakijapungua hata kidogo. Ili kuwaua madume kuwe na faida, lazima wauawe karibu wote, tena wengi wao kabla ya kupanda, tena katika eneo pana kiasi kwamba jike aliyekwisha kupandwa kwingine hawezi kuruka akaingia. Shamba la ekari mbili lililozungukwa na miembe ya asili, mipera ya majirani na ile mikungu iliyopandwa kwa ajili ya kivuli halikidhi sharti hata moja kati ya hayo. Majike waliotoboa maembe yako huenda wengi wao walipandwa ng’ambo ya ua, wakaja kwako wakiwa tayari na mimba.

Ndiyo maana siwezi kusema jirani yako ana haki, wala siwezi kusema amebuni. Ni kweli kwamba harufu ile huwavuta madume kutoka nje ya shamba. Lakini madume hao hawatobolei mtu embe, na wengi hufia humo mtegoni. Hakuna jike aliyekuja kwako kwa kuifuata. Mitego haikuongeza funza; ilishindwa kuwapunguza, na aliyekuuzia bila kukueleza tofauti hiyo alikuuzia nusu ya maarifa kwa bei ya maarifa yote.

Hata hivyo njia yenyewe si ya kubezwa. Katika miaka ya 1960, kwenye kisiwa cha Rota katika bahari ya Pasifiki, watafiti wakiongozwa na L. F. Steiner walidondosha kutoka angani vipande vilivyolowekwa methili yujenoli pamoja na sumu, wakarudia kwa muda, hadi nzi huyuhuyu akatoweka kisiwani. Wajapani nao walitumia njia hiyo katika visiwa vyao vya kusini, na mwaka 1986 wakakamilisha kumwondoa katika visiwa hivyo. Kwenye sehemu moja tu, visiwa vya Ogasawara, ilibidi wamalize kazi kwa madume tasa, wale aliokutajia binti yako. Unaona jambo linalojirudia: kisiwa, eneo zima, kwa pamoja, kwa muda mrefu.

Sasa nije kwa yale aliyokuambia binti yako, ambaye amekuambia kweli. Neno “kuhasi” ndilo linalotupotosha, kwa sababu sisi wa kanda ya ziwa tukisikia kuhasi tunamwona maksai, na maksai hana haja tena na ng’ombe jike. Nzi akifanywa hivyo atakuwa hana kazi yoyote. Mbinu hii inahitaji kinyume chake: dume aliye na nguvu, anayeruka, anayeita na kupanda kama kawaida, ila mbegu zake zimevunjika ndani. Nzi hufugwa kwa mamilioni katika jengo maalumu, mabuu wakilishwa chakula cha kutengenezwa, na wanapokuwa pupa, siku moja au mbili kabla ya kutoka, hupitishwa kwenye miale ya gama, kwa kawaida kutoka kobalti-60, madini yanayotoa miale hiyo, na kwa kipimo cha grei 100 hivi, grei ikiwa ni kizio cha kupimia mionzi. Wakati huo mwili wa nzi umekwisha kujengeka, kwa hiyo hauumii sana, lakini seli za uzazi ni dhaifu na vinasaba vyake hukatikakatika. Dume huyo akimpanda jike wa porini, mbegu hufika na yai huungana nazo, lakini kiinitete hufa mapema na yai halianguliwi. Jike naye akishapandwa hupunguza hamu ya kutafuta dume mwingine kwa siku kadhaa, na siku hizo zinapotea bure.

Hesabu yake ni tamu kuliko ile ya mitego. Chukua majike 100 na madume 100 wa porini, kisha achia madume tasa 900. Jike ana nafasi moja kati ya kumi ya kukutana na dume mzima, kwa hiyo majike kumi tu ndio watakaozaa. Tuchukulie kila jike anayezaa hutoa majike watano wanaoishi hadi utu uzima; kizazi kijacho kina majike 50 badala ya 500. Endelea kuachia tasa 900 kila kizazi, na idadi inashuka hadi 13, kisha hadi mmoja. Hizi ni namba za ubaoni tu, shambani mambo hayanyooki hivyo, lakini zinaonyesha sifa ya pekee ya njia hii: inazidi kuwa na nguvu kadiri adui anavyopungua, ilhali sumu huua wengi wanapokuwa wengi na hupoteza maana wanapobaki wachache waliojificha. Kwa sababu hiyohiyo haifai kabisa kuanza nayo wakati nzi wamefurika. Kwanza wapunguzwe kwa njia nyingine, ndipo tasa waingie.

Watanzania tuna mfano wetu wenyewe, ingawa si wa nzi wa matunda. Mbung’o aliyekuwa akiambukiza ng’ombe ugonjwa wa nagana katika kisiwa cha Unguja aliondolewa kwa mbinu hii. Kwanza alipunguzwa kwa kupaka ng’ombe dawa na kutega vitambaa vyenye sumu. Kisha, kuanzia mwaka 1994, madume tasa waliofugwa Tanga walirushwa kwa ndege juu ya kisiwa, takribani milioni nane kwa jumla, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung’o. Lakini angalia tofauti, mama. Mbung’o jike huzaa buu mmoja mmoja, na katika maisha yake yote huzaa wachache wa kuhesabika. Nzi wako hutaga mayai zaidi ya elfu. Ndiyo maana nchi zinazopambana na nzi wa matunda kwa tasa hujenga viwanda vya ukubwa wa kutisha. Kile cha El Pino nchini Guatemala, kinachofuga nzi wa Mediterania, aina nyingine ya nzi wa matunda, kimeweza kuzalisha zaidi ya bilioni moja kwa wiki. Okinawa, kule Japani, walianza mwaka 1972 kumfukuza nzi anayeshambulia mazao ya jamii ya matango kwa njia hiyo, wakamaliza mwaka 1993. Ni miaka 21.

Kwa hiyo kwa swali lako la wapi utawapata, jibu ni kwamba nzi tasa hawauzwi dukani, na hata ukipewa ndoo nzima bure leo sitakushauri uwafungulie katika ekari mbili. Wataruka kwenda kwa majirani, na majike waliokwisha kupandwa na madume wazima wataendelea kuingia kwako. Isitoshe, majike tasa wakiwemo katika kundi hilo watatoboa maembe yako kwa mazoea yao, na kitobo hata kisicho na yai lenye uhai hukaribisha uozo. Watafiti wamelihangaikia hilo kwa muda mrefu. Kwa nzi wa Mediterania walipata uzao ambao mayai ya kike hufa yakipashwa joto, wabaki madume peke yao. Kwa huyu wa kwetu, kulitengenezwa uzao ambao pupa wa kike ni weupe na wa kiume ni wa kahawia, uliotumika Thailand, hivyo mashine huwatenga kwa rangi kama unavyochambua maharage.

Kuhusu ugumba, naomba uondoe hofu, na uwaondolee na wenzako kijijini, maana uvumi wa namna hii husafiri haraka. Miale ya gama hupita kwenye pupa na kuondoka. Haibaki ndani yake, kama vile mtu aliyepigwa picha ya eksirei pale hospitali ya Bugando haendi nyumbani akiwa anatoa miale. Nzi huyo hana mionzi ya kuacha kwenye embe. Utasa wake nao si ugonjwa wala si sumu, ni mbegu zilizokatika ndani ya mwili wake mwenyewe, na kwa asili hauwezi kurithiwa na yeyote kwa sababu haachi mtoto. Ukitaka kuogopa kitu katika habari hii, ogopa zaidi kile unachokishika kwa mikono bila glavu. Methili yujenoli iliwekwa mwaka 2023 na wakala wa Shirika la Afya Duniani unaoshughulikia saratani katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Katika mtego iko mbali na tunda na haina neno, lakini usiimwage mikononi, usiihifadhi jikoni, na chupa iliyotumika kwa mtego isirudi kuwekewa maji ya kunywa.

Pana kisa kimoja cha utafiti ambacho hunipendeza kila nikikikumbuka, kwa sababu kinaunganisha mitego yako na nzi wa binti yako. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba njia hizi mbili haziwezi kukaa shamba moja: ukitega methili yujenoli, madume tasa uliowagharamia watakimbilia mtegoni pamoja na wa porini. Kisha watafiti wakajaribu kuwapa madume tasa kemikali hiyohiyo kabla ya kuwaachia. Wakishailamba, hamu yao ya kuifuata hupungua, na wakati huohuo wanapata yale manukato yanayowavutia majike. Mtego unabaki kuwakamata wa porini, na tasa wanakwenda harusini wakiwa wamejipamba. Sijui mbinu nyingine ya kilimo yenye hila nzuri kuliko hiyo.

Najua utauliza kuhusu Ukerewe, maana ni kisiwa, kina machungwa na maembe, na kwenye ramani kinaonekana kama Rota yetu. Mimi mwenyewe wazo hilo limenijia mara nyingi nikiwa kwenye kivuko. Lakini mkono wa ziwa kati ya Kisorya, upande wa bara, na Rugezi, upande wa kisiwa, ni mwembamba, kilomita chache tu, na kila siku watu huvuka na vikapu vya matunda ambavyo hakuna anayevikagua. Embe moja lenye funza likitupwa nyuma ya soko la Nansio linatosha kuanzisha ukoo upya. Siyo kwamba haiwezekani. Ni kwamba kazi ya namna hiyo inahitaji ukaguzi wa matunda bandarini, sheria, na fedha ya serikali kwa miaka, si mkulima mmoja wala mradi wa msimu mmoja.

Basi ufanye nini na ekari zako mbili? Ningekuwa wewe, ningeanza chini ya miti. Kila embe na kila pera lililoanguka liokotwe angalau mara mbili kwa wiki, na yale yaliyotobolewa yachumwe hata kama bado yako mtini, kwa kuwa kila tunda unaloliacha hapo ni kitalu cha nzi. Usiyarundike pembeni wala usiyafukie juujuu, maana nzi hutoka kwa urahisi katika udongo mwepesi. Chimba shimo la nusu mita au zaidi na uyafunike kwa udongo ulioshindiliwa, au uyafungie ndani ya karatasi nyeusi ya nailoni na kuiacha juani siku kadhaa hadi mabuu wafe kwa joto. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku mwezi Juni 2019 imekuwa shida kupata mifuko ya kazi hii, lakini nailoni nene ya kuanikia mazao inafaa, na utaitumia msimu hadi msimu. Mipera yako usiikate. Isafishe, hasa miezi ambayo miembe haina matunda, kwa sababu ndiko nzi wanakosubiri.

Hatua ya pili ndiyo inayowafikia majike wenyewe, yaani chambo cha protini, na hapo ndipo ile njaa yao niliyoieleza inatusaidia. Ni maji ya protini, mengi hutengenezwa kwa hamira au kwa chachu inayobaki viwanda vya bia vinapomaliza kazi, yaliyochanganywa na dawa kidogo kama spinosadi. Hupulizi mti mzima. Unapuliza doa moja tu la kama mita moja ya mraba kwenye majani, upande wa chini wenye kivuli, takribani mililita 50 kwa mti, bila kugusa matunda, mara moja kwa wiki, na unarudia mvua ikiosha. Anza maembe yanapofika nusu ya ukubwa wake, usingoje yapate rangi, na usiache hadi embe la mwisho limeondoka. Fuata maelezo ya kwenye chombo kuhusu kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Udhaifu wa chambo hiki ni kwamba harufu yake haifiki mbali kama ile ya madume, hivyo mti uliorukwa haulindwi na jirani yake. Tena mvua za vuli zikianza mapema utachoka kurudia. Lakini kati ya vyote unavyoweza kununua, hiki ndicho ningekitolea fedha yangu kwanza. Kupuliza sumu shamba zima sikushauri: mabuu waliomo ndani ya tunda haiwafikii, majike wapya wanaingia kesho yake, na wanaokufa ni nyuki pamoja na majimoto, wale sisimizi wa mitini wanaouma.

Kuhusu hao majimoto, kama wapo kwenye miti yako, vumilia kuumwa. Utafiti uliofanywa Benin kwenye miembe ulionyesha kwamba miti yenye majimoto wengi hupata uharibifu mdogo zaidi wa nzi wa matunda, kwa sababu huwasumbua majike wanaotaka kutaga, na hata harufu wanayoiacha juu ya embe huwakatisha tamaa. Wachumaji wako watalalamika, nawaelewa. Kufunga maembe kwa mifuko ya magazeti nako hufanya kazi vizuri, ila kwa miti 70 ni kazi ya kuajiri watu. Yafunge yale ya Kent uliyokwisha kumwahidi mnunuzi.

Mitego usiitupe. Bakiza miwili kama kipimo, itundike kivulini ndani ya mti kwa urefu unaoufikia, paka grisi kwenye waya ili siafu na majimoto wasile nzi, badilisha dawa kwa wakati, na uandike kwenye daftari idadi ya nzi kila wiki. Namba hiyo ikianza kupanda kabla maembe hayajakomaa, ujue chambo kimechelewa. Ile minne mingine iweke hadi utakapowapata majirani, kwa sababu wenye mashamba kumi yaliyoungana wakiokota matunda siku moja na kuweka mitego na chambo kwa pamoja, hesabu niliyokupigia hapo juu huanza kubadilika kwa faida yenu. Mwanzie huyo anayekulaumu. Tayari ameonyesha kwamba anajali. Hata hivyo nisikudanganye, msimu wa kwanza hamtafika sifuri. Mkishuka kutoka nusu ya maembe hadi sehemu ndogo tu, mmefanya kazi kubwa.

Yapo mambo ambayo sitaweza kuyamaliza kwa maandishi. Ukiona mitego ya madume haina kitu na maembe yana funza, nzi wako ni wa spishi nyingine, pengine nzi wa maembe wa asili ya Afrika ambaye hajali methili yujenoli, na atahitaji mvuto wake mwenyewe. Vilevile ukilima matango au tikiti huko ufukweni, anayetoboa huko mara nyingi ni nzi wa jamii ya matango, ambaye madume wake hufuata kivutio kinachoitwa kyulua. Usinunue tena dawa ya mtego kabla mdudu hajatajwa jina. Weka maembe matano yaliyotobolewa juu ya mchanga mkavu ndani ya ndoo, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, subiri wiki tatu hadi nzi watoke, uwaache wamalize siku nne wakiwa hai ili rangi zao zikomae, kisha uwaue na kuwapeleka wakiwa kwenye spiriti kwa afisa ugani wa kata au kwa wakaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ukiriguru pia wako karibu nawe. Na mtu yeyote akipatwa na kizunguzungu, kutapika au kutokwa na mate mengi baada ya kushika dawa ya shambani, apelekwe kituo cha afya saa ileile pamoja na chombo chenye maandishi ya dawa hiyo.

Maembe ya ndoo hiyo uyachume kutoka miti ya pembeni na ya katikati, kila fungu ndoo yake, ili tujue nzi wanaingia kutoka upande gani.